Mafundo Kumi na Mawili ya Fundi Cyrille

Ukiuliza Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, nyumba ya fundi Cyrille Cishahayo iko wapi, utaulizwa kwanza, "Yule wa majoho ya kwaya au yule wa mwewe?" Ukisema hujui, watakucheka kidogo, wakwambie ni mtu yuleyule mmoja, kisha wakuelekeze. Ni mwanamume wa miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Bukavu, mwenye cherehani ya kukanyaga na kofia ya kitambaa ambayo, kwa madai ya mkewe Douce, haivui hata akioga. Majoho hayana shida, ndiyo kazi yake. Mwewe ndiye anayetaka maelezo.

Mambo yalianza siku Cyrille alipokuwa akitafuta kwenye simu namna ya kushona turubai la harusi. Akaangukia ukurasa wa mzee mmoja Mfaransa, mwokaji mikate mstaafu, ambaye alifunga kamera kwenye uzi wa tiara, kile kishada cha watoto, na kupiga picha za kijiji chake kutoka angani. Hapakuwa na injini wala rubani, ila kitambaa, uzi na upepo. Cyrille alilisahau turubai palepale. Kitambaa na uzi! Hayo si mambo ya wataalamu wa ndege, ni mambo ya mafundi cherehani, na yeye alijiona kama ameitwa kwa jina.

Tangu hapo bando lake lote likawa linaishia huko. Kulikuwa na michoro ya kukatia kitambaa, vipimo vya vijiti, video za wanaume wenye ndevu wamesimama mchangani wakitazama juu, na jukwaa moja la Kiingereza ambako mashabiki wa kila nchi walioneshana picha zao na kukosoana kwa adabu. Kifaransa Cyrille alikisoma vizuri, shule ya mapadri haikumwachia nafasi ya kutokijua. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu tu, kwa hiyo aliiachia simu imtafsirie. Na simu, ambayo haijawahi kurusha tiara maishani mwake, ilikutana na neno *kite*, ambalo kwa Kiingereza ni tiara na pia ni mwewe, ikachagua ndege mla vifaranga. "Usirushe mwewe wako karibu na nyaya za umeme," ilimwonya. "Mwewe akiyumba, mwongezee mkia." "Mwewe aliyelowa akaushwe kabla ya kukunjwa." Sentensi hiyo ya mwisho alimsomea Douce, wakacheka wote wawili mpaka wakashika mbavu, na tiara ya Cyrille ikawa imepata jina kabla ya kushonwa.

Alimshona kwa makoti mawili ya kaunjika, ile mitumba ya sokoni, akichagua kile kitambaa chepesi cha mvua kinachopiga kelele ukitembea. Alikuwa na pembe sita. Mianzi ilichongwa na jirani yake Gélase Ntirampeba, seremala kutoka Burundi, mtu mwema ambaye hawezi kupitisha siku bila kumtania mtu. Chini ya mwewe Cyrille alining'iniza msalaba wa vijiti viwili uliofungwa nyuzi zinazoteleza, ili mwewe ayumbe anavyotaka lakini simu ibaki imetazama chini. Majirani walimwona kama mzee aliyerudia utoto. Alipowaambia kwamba huko duniani kuna watu maelfu wanaofanya hivihivi, walimwuliza kama na wao wana wake nyumbani.

Basi mwezi wa saba dada yake mkubwa alipata tarehe ya safari. Odette Byamungu, yaya Odette kwa kila mtu, yaani dada mkubwa, alimzidi Cyrille miaka tisa. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlisha, akamvisha, akamnyoa nywele na kumchapa ilipobidi. Hapo Dzaleka ndiye aliyeanzisha Kwaya ya Mapambazuko, akiwa na watu sita na ngoma moja iliyopasuka. Sasa Kanada ilikuwa imemkubali, na Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa nane basi lingekuja kumchukua. Wiki ya pili ya mwezi huo alikuja kwenye kibanda cha ufundi, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Cyrille, niko na photo mingi, lakini zote zinakataka batu," alisema. "Hii iko na ba soprano, ile iko na ba basse, ingine iko na pasteri peke yake, tena kichwa nusu. Mi nataka moya tu. Kwaya yote, kanisa, na nyumba yangu. Bote pamoja. Nikifika kule nikaanza kusahau, niangalie."

"Hauwezi kusahau, yaya."

"Njo unasema vile juu we hauende."

Kweli, Cyrille ndiye aliyekuwa akibaki. Alijua kwamba ukisimama chini hakuna mahali pa kusimama ukavipata vyote vitatu, kwa sababu wenyewe walishajaribu mpaka wakapanda juu ya tangi la maji. Kijana mmoja wa Lilongwe mwenye drone alidai barua na ruhusa ambazo zingemaliza mwaka. Cyrille akasikia mdomo wake ukisema, "Mi nitapiga." Mchezo ulikuwa umegeuka ahadi, tena ahadi kwa Odette.

Jioni hiyo alirudi kwenye ukurasa wa mwokaji mikate na kuusoma upya kama mtu anayesoma mkataba. Katikati ya maelekezo ya uzi palikuwa na maneno aliyokuwa akiyaruka siku zote, kwamba upepo uwe wa *nœuds* nane hadi kumi na mbili. *Nœuds* ni mafundo. Hilo hata mtoto wa darasa la pili Bukavu analijua. Watu wa bahari wangekumbuka kwamba neno hilohilo ndilo mabaharia wanalopimia mwendo wa meli na wa upepo, lakini Cyrille hajawahi kuiona bahari, na katika kazi yake fundo ni fundo, unalipiga ili uzi usikuachie. Akaelewa hivi: kwa ajili ya upepo, uzi upigwe mafundo manane hadi kumi na mawili. Na kwa kuwa si mtu wa kupunja kazi, akachagua kumi na mawili. Aliyapima kwa futi ya kitambaa ili yaachane sawasawa, akayapiga mara mbilimbili, akayalainisha kwa nta. Yalikuwa mafundo mazuri sana, haki ya Mungu.

Jumamosi wakaenda kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, yeye, Douce na Gélase. Kamera ya simu ya Cyrille ilikuwa na ukungu, kwa hiyo iliyofungwa msalabani ilikuwa ya Douce, baada ya viapo vingi. Waliitegea ijipige picha kila baada ya sekunde tano. Mwewe akapanda kama aliyekuwa akisubiri siku hiyo tu. Alipita paa, akapita miti, uzi ukaanza kuimba mkononi mwa Cyrille, naye akacheka kwa sauti kubwa peke yake. Fundo la saba lilipotoka tu mkononi mwake, pa! Uzi ukalegea, na mwewe akaondoka zake na simu ya Douce kuelekea mlimani.

Gélase aliruka kwenye baiskeli, akawakuta wakimbizi hao wawili juu ya lundo la mabua ya mahindi. Mwewe alikuwa amevunjika kijiti kimoja. Simu ilikuwa nzima, tena ilikuwa bado kazini, na wakati wa kuifungua iliongeza picha kumi na nne za pua ya Gélase. Douce aliipokea, akaifuta vumbi, akaigeuza mbele na nyuma.

"Baba Fabrice," alisema taratibu, akimwita kwa jina la mwana wao, "simu yangu ilitaka kwenda Canada mbele ya yaya?"

Gélase alikaa chini akicheka. Cyrille hakucheka. Aliona haya, na zaidi ya haya aliona huzuni, maana zilibaki Jumapili mbili tu kabla ya basi, na hakujua alichokosea. Aliporudi alipiga picha uzi uliokatika, akaandika chini ya ukurasa wa yule mzee, kwa Kifaransa chake cha shuleni chenye heshima zote: Bwana, nimepiga mafundo kumi na mawili kama ulivyoagiza, tena ya mara mbili, naomba unijulishe kwa nini uzi umekatika.

Jibu lilikuja asubuhi. Mzee alikiri kwamba alicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuangalia kuna nini. Kisha akaeleza habari ya mabaharia na upepo, akamwambia jambo ambalo Cyrille alilisoma mara tatu: uzi wa tiara haupigwi fundo kamwe, kwa sababu ukivutwa sana hukatikia penye fundo. "Wewe umeutengenezea mahali kumi na pawili pa kukatikia," aliandika. "Lakini kosa ni langu. Ukurasa huu una miaka kumi na tisa, na sikuwahi kuwaza kwamba ungesomwa na mtu anayejua mafundo kuliko anavyojua meli." Siku hiyohiyo aliongeza onyo kwenye ukurasa, kwa herufi nene. Na siku hiyohiyo Gélase alianza kumwita Cyrille kapteni, na hajaacha mpaka leo.

Jumanne Cyrille aliomba karatasi ya ruhusa, akashuka Lilongwe, akaingia mtaa wa maduka wa Mchesi kutafuta uzi mrefu wa kusokotwa usio na kiungo. Duka la tatu walikuwa nao. Alimfanya mwenye duka aufungue wote, akaupitisha kati ya vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akauvuta kwa mikono, akaujaribu kwa meno. Mwenye duka alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia.

"Mukufuna mugwire nsomba yanji, bambo?" aliuliza kwa Kichewa. Alitaka kujua ni samaki gani huyo anayevuliwa kwa uchunguzi wa namna hiyo.

Cyrille akaonyesha kidole juu, akasema zikomo, asante ya huko, akaondoka na uzi wake.

Sasa likabaki suala la upepo wenyewe. Mzee alisema kipimo chake kilikuwa kifaa kidogo cha kuzunguka, na kwamba asiye nacho atazame bendera. Dzaleka bendera si nyingi. Cyrille alisimama nje ya kanisa wakati wa mazoezi, akitazama majoho mekundu aliyoyashona mwenyewe, na hapo akapata akili. Kitambaa kile alikijua uzito wake, na mapindo yake aliyakunja kwa mkono. Pindo likitikisika tu, bado. Pindo likicheza juu ya viatu, twende. Joho likianza kuonyesha magoti, shusha mwewe, na ba soprano warudi ndani.

Jumapili, baada ya ibada, kwaya yote ilijipanga uwanjani, watu arobaini na watatu, Odette mbele katikati. Majoho yaliwaning'inia kama yamelowa. Dakika ishirini zikapita. Waliimba nyimbo mbili, wakaimba ya tatu. Sauti za chini zikaanza kusema kwamba nsima, ule ugali wa Malawi, inapoa nyumbani. Mtu mmoja aliuliza kama mwewe naye hafanyi kazi siku ya Bwana. Cyrille alikuwa na jasho mgongoni. Alimtazama Odette, na Odette hakulalamika, alikuwa amesimama wima kama siku zote, akimtazama mdogo wake kwa imani ambayo ilimtisha kuliko malalamiko ya wengine.

Kisha pindo la Odette likagusa viatu vyake, likarudi, likacheza.

"Kapteni!" Gélase alipiga kelele. "Viatu!"

Mwewe akapanda. Upepo uliiangusha kofia ya Cyrille, ikabingirika hadi kwenye ukuta, naye hakuwa na mkono wa kuifuata. Aliinama juu ya uzi, akiulegeza na kuuvuta, mafundo hakuna, na uzi ukashika.

Walipomshusha, simu ilikuwa na picha mia mbili na kitu. Douce alizipitisha huku watu wakimbana pande zote. Mbingu tupu. Paa. Kwaya nusu. Paa tena. Mguu wa mbwa. Halafu moja ambayo Douce hakuipitisha. Majoho arobaini na matatu, nyuso zote juu, kanisa na bati lake, na kule nyuma, wazi kabisa, nyumba ya Odette na kamba yake ya nguo. Odette aliishika simu kwa mikono miwili.

"Iko bote," alisema. Akampa simu Douce na kwenda kuvua joho.

Alhamisi basi lilikuja, likaondoka na Odette, picha ikiwa kwenye simu yake. Cyrille hakufungua kibanda siku hiyo. Ijumaa, ili mikono iwe na la kufanya, aliandika ukurasa wake mwenyewe kwenye mtandao, kwa Kiswahili, na mwokaji mikate akauwekea kiungo kwenye wake. Unaanza kwa maneno haya: "Ndugu zangu, hapa *nœuds* si mafundo." Baada ya hapo inafuata ile hesabu ya majoho, pindo, viatu na magoti.

Jumamosi simu ya Douce ikalia. Ilikuwa sauti ya Odette, imerekodiwa.

"Cyrille, kwa ndege nilikaa pa dirisha. Nikasema, nitaona Dzaleka kwa juu. Aii, mawingu tu! Njo nikafungua photo yako. Nikahesabu batu moya moya, makumi ine na tatu, na mi ndani. Kisha kule chini pa kona nikaona mutu ingine, iko peke yake, ameinama pa kamba, kichwa inangaa. Nikajiuliza, huyu wa upara ni nani? Nikaivuta ikuwe mukubwa. Njo we! Mi nilikunyoaka hiyo nywele, na haukuniambia imekwisha? Nilicheka mpaka mama wa pembeni akaniuliza kama niko muzuri. Kisha nikalia sana. Sasa njo iko batu bote."

Cyrille aliisikiliza mara mbili. Akavua kofia, akajipapasa utosini, akaitundika kwenye msumari ukutani, akaendelea kushona.