Siku Chiriku Aliponyamaza

Fundi cherehani huyu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Hata moyo ulipombana, alifika hospitali akikosoa pindo la gauni la muuguzi.

Muuguzi akamchoma sindano ya mofini kidogo, dawa ya kutuliza maumivu.

"Ongeza, dada! Mbona unanipimia kama kitambaa cha kuazima?"

"Ikizidi, baba, itakulegeza hadi usahau kupumua. Tena vidonge ulivyomeza vya kuzuia damu isigande vitakwama tumboni, vichelewe kufanya kazi."

Maumivu yakapoa. Chiriku akafumba macho, kimya. Mkewe, aliyemsihi anyamaze kwa miaka thelathini, akaruka kitini.

"Baba watoto, sema! Sema lolote!"

Jicho moja likafunguka. "Lile pindo... limekwenda upande."

"Na pindo langu je?" akauliza mkewe, machozi yakimtiririka.