Mama Mkwe Anaifungulia Mlango Sauti ya Simu

Admin, nifichie jina tafadhali, maana hapa Bel-Air, Lubumbashi, wananijua kwa mdomo na kwa unene. Ni mama wa miaka hamsini na mbili, nauza samaki wakavu wa Pweto, na kwa lugha kichwa changu ni kikavu kama hao samaki. Wazazi wangu walitoka Kasai, lakini hata Tshiluba chao nakivunjavunja. Niliolewa na Mnande wa Kivu ya Kaskazini. Nyumbani tulisema Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na Kifaransa tukigombana. Kinande chake sikushika hata neno. Alikuwa ananicheka: "Weye mama, ata mbuzi ya kwetu inasikia kupita weye!"

Vita vilipokaribia kwao, alienda kumchukua mama yake. Akamtanguliza na watu wa kanisa, yeye akabaki kufunga depo, ghala lake la maharage. Alisema anafuata. Mama mkwe alifika. Yeye hakufika, na simu yake ikanyamaza hadi leo.

Nikabaki na bibi mwenye mtoto wa jicho, asiyejua Kiswahili zaidi ya "jambo" na "bei gani", tunatazamana kama kuku wageni. Binti yangu akanionyesha kamusi ya bure kwenye intaneti: unaandika neno la Kifaransa, inakupa la Kinande na sentensi ya mfano, ukibonyeza unamsikia mtu wa kujitolea akiisoma. Sentensi zenyewe vituko! Nilijua kusema "Mbuzi amekula kofia ya padri" kabla ya "Umelalaje?" Mama mkwe alicheka hadi akashika mbavu.

Asubuhi moja, natengeneza chai jikoni, nikaandika "kurudi" kwa Kifaransa. Nikabonyeza.

"Mama, fungua mlango, nimerudi."

Kwa Kinande, sauti ya mume wangu. Na kile kikohozi chake cha sigara mwanzoni. Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akijifungia ndani ya lori uani, vioo juu, anaisomea simu sentensi kwa sauti, nami namtania kwamba ni mchungaji asiye na waumini. "Niko natumikia luga yetu bure," alikuwa akijibu, "acha makelele."

Kabla sijapata pumzi nikasikia kiti kikisogea sebuleni. Mama mkwe alikuwa mlangoni, anapapasa komeo. Akafungua. Akaita jina la utotoni la mwanawe. Akangoja. Kisha akaniambia polepole, ili mjinga mimi nielewe: "Amepita kusalimia majirani. Weka kikombe chake."

Nikaweka. Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu tangu hapo kila asubuhi nabonyeza, naye anafungua. Najiambia ni kwa ajili yake. Lakini hata akiwa kanisani nabonyeza, na macho yangu yanaenda mlangoni.

Sasa mdogo wake mume wangu, anayekaa Kasungami, amekuja na wazee wa familia. "Shemeki, tunangoya nini? Bantu benye balikuwa kule banasema depo iliwaka moto, na yeye hakutokaka. Siku ya posho tunaweka kilio." Siku ya posho ndiyo Jumamosi hii. Ila katika familia yao kilio, yaani matanga, hakiwekwi mama mzazi akikataa, na huyu amekataa kabisa: "Mtamliliaje mtu aliyeniita leo asubuhi?"

Shemeji akanigeukia: "Mama iko nachanganyikiwa?" Nikaenda kuosha vikombe, simu inaniunguza mfukoni mwa aproni.

Leo asubuhi mama mkwe alimaliza chai yake, kikombe cha pili kikipoa kando. Akanishika mkono.

"Mwambie kesho aseme neno lingine."

Sijui anajua nini, ndugu zangu. Sikuthubutu kumuuliza. Nimeshinda natafuta, neno baada ya neno, sauti za wageni watupu. Mwishowe nimemkuta chini ya neno "kula". Kikohozi kilekile.

"Mama, kuleni, msiningoje."

Nikimwekea hiyo, Jumamosi tunaketi kilioni, na mimi naitwa mjane. Nikirudia ile ya zamani, ataendelea kufungua mlango, nami nitaendelea kumwaga chai ya mtu ambaye hajaja. Wenye moyo mgumu kuliko wangu, nisaidieni: kesho nibonyeze ipi? Maji ya chai yakichemka tu, atakuwa ameshaketi, anasikiliza.