Mbwa Yule Yule Kila Mwezi

Siku ya kwanza nilipohudhuria mkutano wa chama cha watumiaji wa kompyuta, hakuna kompyuta hata moja iliyowaka. Umeme wa mtaa ule ulikuwa umekatwa kwa zamu, kama ulivyokuwa ukikatwa Johannesburg nzima siku zile. Wazee wa Kizungu walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki ndani ya ukumbi wa kanisa, Kensington, makoti mwilini, wakimsikiliza mzee mmoja aliyesimama mbele akichora kwenye karatasi kubwa. Alichora mstatili. Ndani ya mstatili akachora mbwa. Pembeni akachora mstatili mdogo, na mbwa mdogo ndani yake. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Na mimi nikatikisa.

Nilikuwa nimealikwa na mke wa yule mzee. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Tanga, na chumba changu kiko Bellevue, katika moja ya zile nyumba kubwa za zamani zilizokatwakatwa vyumba. Mama yule alikuwa ameniletea mapazia nimpunguzie urefu. Siku aliyokuja kuyachukua alinikuta nimesimama mbele ya kompyuta mpakato yangu ya mtumba, nimeshika kiuno. Msomali mmoja mwenye duka Mayfair alikuwa amekubali kuonyesha magauni yangu kwenye tovuti yake, lakini kila picha niliyotuma ilikataliwa. Ni kubwa mno, kompyuta ilisema. Sikuelewa picha inakuwaje kubwa wakati mimi naiona ndogo.

"Njoo kwenye chama chetu," mama akaniambia kwa Kiingereza, taratibu ili nimfuate. "Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi. Mume wangu ndiye anayefundisha. Atafurahi sana kumpata mgeni."

Niliposikia kufundisha, nikadhani ni darasa.

Halikuwa darasa, na mpaka leo sijui nikiite nini kitu kile. Walianza kwa kusomewa mambo ya mkutano uliopita, wakapongezana kwa siku za kuzaliwa, wakailaumu intaneti, ndipo mzee akafundisha. Baadaye ikaja chai. Wakati wa chai kila mtu alimweleza mwenzake tatizo la kompyuta yake, na mwenzake badala ya kumjibu alimweleza la kwake. Maneno yao niliyajua moja moja: dirisha, wingu, panya. Yakikaa pamoja yalinipotea. Bibi mmoja alisema vitu vyake vyote vimepotelea kwenye wingu. Nikampa pole kwa moyo wote, nisijue nampa pole ya nini.

Mwezi uliofuata umeme ulikuwepo. Mzee akaunganisha mitambo yake, ukutani ikatokea picha ya mbwa wa kahawia amelala kwenye nyasi. Akatuonyesha jinsi ya kuipunguza picha ili iweze kutumwa. Hilo ndilo hasa nililolitaka. Lakini alikwenda haraka kunishinda, na nilipofika nyumbani nilikuwa nimeshasahau nianzie wapi. Nikangoja mwezi mwingine. Mwezi mwingine ulipofika, ukutani akatokea mbwa yule yule. Na uliofuata, mbwa.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa. Wenzangu walimsikiliza kana kwamba jambo lile ni jipya, tena kwa adabu kubwa. Nikajiambia lazima kuna kitu anachoongeza kila mara, hatua fulani ndogo ambayo wao wanaiona na mimi siioni. Nikawa namkodolea macho yule mbwa nikitafuta tofauti. Na kwa kuwa sikuipata, nikawa nauliza. Mtu pekee aliyenyoosha mkono katika ukumbi ule nilikuwa mimi.

"Samahani, mzee. Picha ikishapunguzwa, ile kubwa inakwenda wapi?"

"Swali zuri sana hilo!" Uso wake ulikuwa unachangamka kama wa mtu aliyepokea mgeni aliyemngoja muda mrefu. Alinieleza mpaka mwisho, na ukumbi mzima ulikuwa kimya, na mkewe akinitazama kutoka kwenye meza ya chai.

Katika chumba kilichopakana na changu anakaa msusi wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi. Siku moja, huku anamsuka mteja kibarazani, akaniuliza, "Dada, kila mwezi unaendaka kule. Banakufundisha nini?"

"Kupunguza picha."

"Na mwezi ulioisha?"

"Kupunguza picha."

Mkono wake ukasimama juu ya kichwa cha mteja. "Eish. Ni kompyuta njo nguvu, ao ni weye?"

Alitaka kujua kama kompyuta ndiyo ngumu au mimi ndiye mgumu. Niliamini kabisa kwamba ni mimi.

Baadaye tulitangaziwa kwamba mkutano ujao utasogezwa kwa wiki moja, kwa sababu ukumbi una harusi. Unasogezwa nyuma, walisema kwa Kiingereza chao. Kwetu sisi kinachosogezwa nyuma kinawahi, na kinachosogezwa mbele ndicho kinachochelewa. Kwa Waingereza ni kinyume, lakini hilo nilikuwa bado sijalijua niliposimama mbele ya ukumbi, kompyuta kwapani, nikiutazama mlango uliofungwa.

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi, peke yake.

"Wamechelewa kufungua," aliniambia. Nikafarijika sana. Ikiwa mwalimu mwenyewe yupo, basi siku sijakosea. Nikakaa karibu naye. Tulingoja, jua likapanda, hakuna aliyekuja. Mwishowe akaitazama kompyuta yangu, akasema tuianze kazi sisi wenyewe. Nikaiwasha, nikaiweka magotini kwake.

"Mbwa yuko wapi?" akauliza.

"Humu hamna mbwa, mzee. Kuna gauni."

Akaitazama ile picha kwa muda, gauni la kijani nililomshonea bibi harusi mmoja wa Kizanzibari. Niliona anahangaika, kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua. Kisha akasema, "Haya, gauni basi." Akaanza kunifundisha. Safari hii hakuwa na haraka. Alinishika kidole akakiweka panapotakiwa, akaniambia nirudie mwenyewe, nikarudia, picha ikapungua. Nikairudia na nyingine. Ikapungua. Nilipiga kelele ya furaha pale barabarani, na yeye akacheka kwa sauti, tukacheka wote wawili.

Alipomaliza kucheka akanigeukia kwa upole. "Karibu sana, mama. Nadhani ni mara yako ya kwanza kuja kwenye chama chetu?"

Nilidhani ananitania. Nikatabasamu.

"Mimi ndiye ninayefundisha hapa," akaendelea. "Leo nitawaonyesha jinsi ya kupunguza picha."

Bado nilikuwa namtazama nisijue pa kuweka uso wangu gari lilipofunga breki mbele yetu na mkewe akashuka, miguuni kavaa sapatu za ndani.

"Nimekutafuta mtaa mzima!" alimwambia, akamsaidia kuinuka, akamwingiza garini, akamfunga mkanda. Halafu akaja kwangu.

"Mkutano bado wiki mbili," alisema. "Lakini yeye siku hizi kila Jumamosi kwake ni ya mkutano. Nikigeuka kidogo tu, ameshatoka."

"Anaumwa?"

"Kumbukumbu inamtoka. Muda sasa."

"Na wenzetu wanajua?"

"Wote. Ndio walioniambia aendelee kufundisha. Somo hili ndilo pekee lililobaki zima kichwani mwake."

Nikamuuliza tena. "Ndiyo maana ulinialika?"

Alitazama chini. "Wao hawawezi tena kumuuliza kitu. Wanayajua majibu, na yeye husikia kwamba wanayajua. Wewe ulikuwa unauliza kweli."

Nilirudi Bellevue kwa miguu, nikashuka bondeni nikapanda upande wa pili, na njia nzima nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Miezi yote ile nilijiona mjinga, na kumbe waliniacha nijione hivyo. Sikujua kama nilialikwa kuwa mwanafunzi au kuwa dawa. Mara nilikuwa nina hasira. Mara ninakumbuka alivyosema "gauni basi," hasira inanitoka. Jirani yangu nilimsimulia yote.

"Lakini umejua kupunguza picha?" akauliza.

"Nimejua."

"Basi. Na huyu mzee angekuwa baba yako?"

Baada ya wiki mbili nilikwenda. Mbwa akatokea ukutani. Nilikaa nikiwa nimeibana mikono mapajani, nikisema sitauliza, maana sasa nitakuwa naigiza. Mzee akamaliza, akatutazama, akangoja. Hakuna mkono ulioinuka. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Ile kubwa inakwenda wapi?"

"Swali zuri sana hilo," alisema. Kama aliisikia tofauti katika sauti yangu, hakuionyesha, na mimi sikuthubutu kumtazama mkewe.

Tuliendelea hivyo mpaka baridi ilipoanza. Kisha mama akampeleka kwa binti yao anayeishi pwani, akabaki naye huko. Katika mkutano ambapo habari hiyo ilitangazwa, watu walipiga makofi kidogo, wakashindwa kujua kama makofi yanafaa, wakaacha. Sijui kama nilimsaidia au nilishiriki kumdanganya. Magauni yangu yako kwenye tovuti ya Mayfair, na picha zake zinafunguka vizuri.

Sikuacha kwenda. Mwezi uliopita bwana mmoja mpya, mwenye akili zake timamu kabisa, alisimama akatueleza kuhusu nywila na usalama, mchana mzima. Watu walitikisa vichwa. Nilisikiliza kwa makini kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sikuambulia hata neno.