Betri ya Mama

Radi ikianza kunguruma huku milimani, nyumbani kwetu vioo hugeuzwa, masufuria huingizwa ndani, na mama hufunikwa blanketi. Hilo la mwisho tulilizua wenyewe. Tangu alipowekewa betri ya moyo, kidude cha chuma chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, tulimhesabu miongoni mwa vitu vinavyoita radi. Daktari alisema hakuna haja. Tukamwitikia kwa adabu, tukarudi nyumbani tukaendelea kumfunika.

Kinara wa wasiwasi ni mimi. Jirani akija na simu, namwambia aiache barazani. Kanisani namketisha mama mbali na kinanda na spika. Nilimkataza hata kugusa swichi, ingawa umeme ulipofika kijijini yeye ndiye aliyepiga vigelegele kuliko wote.

"Unanitunza kama yai," alilalamika. "Na mayai nayo huoza."

Mwaka huu betri ikakaribia kuisha, ikabidi ibadilishwe. Mama akagoma. Nilibembeleza, nikafoka, nikamtuma mchungaji. Yeye alitazama migomba tu. Ni siku tulipokuwa tunachambua maharage ndipo alipofungua kinywa.

"Mwanangu, siku yangu ikifika, hiki kitu kitaniachia? Au nitalala kwenye jeneza huku moyo unadundishwa tu?"

Nilikasirika. Usiku na mchana nilikuwa nikihofia kumpoteza, kumbe mwenzangu alihofia kushindwa kuondoka.

Nilimwahidi kwamba yeye mwenyewe atamuuliza daktari. Tukateremka hadi Same, tukapanda basi la Dar. Njia nzima miguu yangu haikutulia. Mama alilala fofofo.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wajukuu zake. Alimwamkia shikamoo, akamsikiliza mpaka mwisho, wala hakucheka.

"Bibi, hii betri inaukumbusha tu moyo kupiga. Moyo ukishachoka kabisa, hata ukikumbushwa hauitiki. Haiwezi kukuzuia."

Mama akashusha pumzi, akacheka, akaanza kufungua vifungo vya blauzi.

"Basi wekeni."

Nilitoka nje, nikaegemea ukuta, nikalia. Jibu lililompa yeye amani ndilo lililoninyang'anya yangu. Miaka yote ile nilikuwa natumaini kwamba kile kitu hakitamruhusu kuondoka.