Siku Nilipotafuna Mara Arobaini

Wapo watu hapa Maganzo ambao mpaka leo wakiniona nakula hutabasamu na kutazama pembeni, na siwalaumu, maana nilichokifanya siku ile kilinivua nguo mbele ya mji mzima, tena nilikifanya nimefunga mdomo na kufumba macho, nikiwa na raha zangu zote. Nimeona bora nisimulie mwenyewe kuliko kuendelea kukisikia kwa watu ambao hawakuwepo (kuna mmoja kule Mwadui anaapa kwamba nilimeza mawe matatu).

Ilianza na presha. Nesi wa zahanati alinifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akaguna, akarudia, akaguna tena, akaniambia nipunguze nyama na chumvi, nile mboga za majani, kunde na matunda, halafu nipumzishe akili. Mboga nilizielewa. Hilo la akili ndilo lililonipeleka kwenye sauti za mwalimu mmoja zilizokuwa zikisambaa kwenye simu zetu, sauti laini ya mtu ambaye huwezi kuamini kama aliwahi kugombania foleni bombani, akisema weka tonge mdomoni, fumba macho, tafuna mara arobaini, usiseme na mtu, kisha kifuate chakula chako kinyumenyume mpaka shamba kilikotoka. Nikajaribu nyumbani na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na kwa kweli, ndugu zangu, ilipofika mara ya ishirini na kitu nilianza kusikia harufu ya mvua. Wiki ya tatu nikawa siwezi kula bila kusafiri. Miguu iliacha kuvimba, usingizi ukawa mtamu, na nikaanza kuwahubiria watu habari za mchicha mpaka wakawa wananikwepa sokoni.

Sasa kazi yangu. Tuko kikundi cha akina mama tunaochekecha upya kifusi kilichoachwa na wachimbaji, pale kwenye dimbwi, tukitafuta vipande vya almasi vilivyowaponyoka wanaume. Mwenyekiti wetu ni Mama Shija, mwanamke mrefu asiyecheka kazini. Mwenzangu wa chekeche ni Mama Kulwa, tumelishika pamoja miaka kumi na moja, mimi upande huu yeye upande ule. Alipojifungua mapacha nilikuwepo, nilipofiwa na mume wangu alilala kwangu mwezi mzima. Na tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote lakini hata mgeni huijua siku ya kwanza. Chekeche likishapinduliwa, changarawe ikalala chini kama ugali uliopakuliwa, kila anayeinama kuikagua lazima aimbe au aongee. Imba vibaya, ongea upuuzi, sengenya unayemtaka, hakuna anayejali, ilimradi mdomo uonekane uko wazi na ulimi unatembea. Mdomo uliofungwa karibu na changarawe, kwetu sisi, una maana moja tu.

Mimi sheria hiyo nimewafundisha wengine, ndiyo maana sina pa kujificha.

Siku ile jua lilikuwa limetulia, maji ya dimbwi yana rangi ya chai ya maziwa, upepo unatoka upande wa Songwa taratibu kama mtu asiye na safari, na mimi nilikuwa nimepitiliza saa yangu ya kula (mwalimu alikuwa mkali sana juu ya saa). Kibakulini nilikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, nimeipika na karanga za kusaga. Nikajiambia nile kipande kimoja tu wakati Mama Kulwa anatikisa mara ya mwisho, kitaisha kabla hajapindua.

Nikakitia mdomoni, nikafumba macho, nikaanza kuhesabu. Kufika kumi na tano nilikuwa Songwa, shambani kwa bibi yangu, asubuhi mbichi, matuta marefu yamelala yanafuka mvuke, na bibi yuko mbele yangu kainama, kanga yake imelowa umande mpaka magotini. Hageuki, ananiachia viazi nyuma yake niviokote. Nilisikia ubaridi wa udongo kwenye nyayo. Nilitamani sana kumwita, lakini nikakumbuka kuwa mwalimu amekataza kuongea, basi nikatabasamu, nikainama, nikanyoosha mkono kuokota kiazi.

Mkono wangu wa kweli, naambiwa, ulitua katikati ya changarawe iliyokuwa imepinduliwa muda huohuo.

Arobaini. Nikameza, nikafumbua macho, nikakuta hakuna anayeimba. Mama Kulwa ameshika chekeche tupu kifuani na ananitazama kama mtu asiyenijua.

"Umemeza nini?" akaniuliza.

"Mchembe."

"Kulikuwa na kitu kinang'aa hapo ulipoweka mkono. Nimekiona kwa macho yangu. Sasa hakipo."

Nikacheka, na hilo likawa kosa la pili. Kosa la tatu ni kueleza. Niliwaambia kwamba sikuwa pale, nilikuwa Songwa na bibi yangu, na wote wanajua bibi yangu tulimzika zamani, kwa hiyo wakatazamana. Mama Shija akanishika bega kwa upole kabisa, akasema marehemu nimsalimie, lakini jiwe ni la kikundi, na mimi sitakwenda nyumbani mpaka kila kilichoingia kiwe kimetoka.

Wakanipeleka uani kwake, wakaniketisha kwenye kigoda katikati. Habari ikatembea kuliko mimi ninavyotembea. Mzee Athumani, mnunuzi wa mawe aliyehamia huku kutoka pwani miaka mingi iliyopita, akaja na papai zima lililoiva, akalimenya mwenyewe akisema mambo haya hayataki haraka ila yanataka papai. Mwingine akaleta mlenda. Mwingine mchicha wa kuchemsha, sufuria nzima. Watu walewale waliokuwa wakinikimbia sokoni sasa walikuwa wananibembeleza nile mboga za majani, na mama mmoja ambaye hata simfahamu aliniuliza kwa dhati kabisa mlo wangu huwa unachukua saa ngapi kupita, akawa anataka kumpikia mumewe. Vijana waliopanda ukuta kuchungulia walinisalimia kwa adabu, shikamoo mama, nami nikaitikia marahaba papai likiwa mdomoni, na nilipojaribu kufumba macho ili angalau nirudi Songwa nipumzike, Mama Shija akanigusa goti akaniomba nisisafiri tena leo.

Sitaki mfikiri nilikuwa nacheka moyoni. Nilikuwa namtafuta Mama Kulwa katika ule umati, nikisubiri aje aketi nami na kusema huyu namjua, mwacheni, maana neno lake moja lingetosha. Alikuwa amesimama mlangoni na mikono kifuani, haji.

Jua lilipokaribia kuzama, papai likafanya kazi yake. Nyuma ya uzio wa majani waliniwekea beseni, na zaidi ya hapo siwaelezi. Likabaki swali la nani atakagua, na kwa desturi anayesema ameona ndiye anayetafuta, basi Mama Kulwa akalishika chekeche letu, akamwaga maji, akatikisa. Watu walijiziba pua kwa kanga lakini hakuna aliyeondoka. Na kwa kuwa sheria ni sheria, alikuwa anaimba. Akikagua choo changu, mbele ya mji, kwa sauti nyembamba inayotetemeka, anaimba wimbo tunaouimba wote siku zote, na watu wakashindwa kujizuia wakacheka, na mimi pia, Mungu anisamehe, nikacheka.

Alirudia mara tatu. Hakukuwa na kitu. Mama Shija akatangaza kwamba niko huru, watu wakaanza kutawanyika, na hapo nikamtazama rafiki yangu nikitegemea uso wake ufunguke. Haukufunguka. Alichambua tena kwa kijiti, akasema polepole, "Labda bado halijashuka." Hapo ndipo nilipoumia, kuliko kigoda na beseni na kicheko chote cha siku ile.

Asubuhi nikasikia mlangoni, "Mwangaluka, mayu." Ni salamu yetu ya asubuhi, na sauti ilikuwa yake. Nikaitikia. Akaingia, akapiga magoti, jambo ambalo hatujawahi kufanyiana, akafungua fundo la kanga na kunionyesha jiwe dogo kama punje ya mtama. Alipokuwa anakung'uta kitenge chake cha kazi ili akifue, lilidondoka kutoka kwenye pindo alilokuwa amelikunja kiunoni. Mkono wangu ulipotua kwenye changarawe, jiwe lilimrukia yeye. Hakuna aliyeliona likidondoka. Angeweza kulifunga tena akanyamaza, na mimi ningebaki na jina la mwizi. Badala yake alitaka twende wote kwa Mama Shija, apite njia kuu, aseme kwa kila tutakayekutana naye.

Nikamwinua. Halafu nikamuuliza, kwa sababu nisingeweza kuishi bila kuuliza, "Na usingeliona?"

Alijikung'uta vumbi magotini.

"Ningeendelea kusubiri," akasema.

Tulitembea mpaka kwa Mama Shija, Mama Kulwa ameushika mkono wangu, akisimama kila mlango kueleza, na watu wakanipa pole, wengine wakiomba kujua mchicha ule hupikwaje. Presha imeshuka, nesi amefurahi, nyama siitamani. Lakini nimeapa, na ninyi ni mashahidi, sitafumba tena macho mahali watu wanapotafuta kitu. Kwa bibi nitakwenda nikiwa jikoni kwangu, mlango umefungwa. Mama Kulwa bado ndiye mwenzangu wa kazi, na nampenda. Ila siku hizi akinyamaza kidogo namtazama mdomo, nami nikinyamaza ananitazama, kisha wote wawili tunaona haya, tunainama.