Jumamosi za Kilatini

Fundi cherehani alijifundisha Kilatini kwa kuishi nacho. Mkasi, pasi, kioo, hata kigoda cha wateja, vyote alivibandika majina ya Kilatini, na Jumamosi nzima neno la Kiswahili halikumtoka, hata umtekenye. Wateja walicheka, wakamwonyesha urefu wa suruali kwa vidole. Jumamosi moja mama yake aliingia, akakaa kigodani. "Mwanangu, nina neno nataka kukwambia." Fundi akatoa pini mdomoni, akamjibu kwa Kilatini, sentensi nzima bila kujikwaa, kichwa kikamvimba. Mama akacheka. "Haya, nitakuja Jumatatu." Hakuifikia; alifariki Jumapili. Siku hizi akiingia mama yeyote, fundi hutoa pini upesi, akamsogezea kigoda. "Sema, mama, nakusikiliza." Naye huwa ameleta gauni la kupunguza tu.