Sentimita Nne kwa Pijo ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilitarajia kupewa spana. Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe na sauti ya chini, alinipa futi kamba. "Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi," aliniambia. "Pande zote nne. Ukimaliza, pima tena." Nilipima wiki nzima. Wanaume wa gereji walicheka kuona msichana wa mtaa wa Obunga akizunguka magari kama fundi cherehani. Mimi nilikuwa nafurahi tu.

Kwake nilijifunza kwamba springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Kazi ya shoki ni kuituliza isiendelee kurukaruka. Ukiweka springi fupi, iwe ngumu kidogo kuliko ya kwanza, la sivyo gari litagonga chini kwenye kila shimo.

Baadaye nilikwenda karakana ya mabasi, chini ya Msimamizi aliyekagua kila nati kwa mkono wake. Mwisho nikaingia gereji moja ya Kondele, ambako Meneja alipenda mambo ya haraka. Huko ndiko Mwalimu Otieno, mstaafu wa Nyakach, alikoleta Pijo yake, gari kuukuu.

Aliyekuwa nayo kabla yake aliinyanyua kwa springi ndefu ili apite kwenye matope. Sasa mama yake Mwalimu, mwenye magoti mabovu, hakuweza kuipanda.

"Ananiambia nimwache nyumbani Jumapili," Mwalimu alisema. "Hataki kubebwa mbele ya watu."

Meneja aliinama akatazama. "Mama Springi," akaniambia, kwa jina walilonipa gerejini, "kata koili moja na nusu. Saa moja tumemaliza."

"Hapana, Bwana Meneja. Ukikata, ncha haikai sawa kwenye kikombe chake. Gari likiruka tuta, springi inaweza kuchomoka. Na huyu anabeba mamake."

"Akienda kwingine?"

"Basi aende akijua."

Mwalimu alikuwa amesikia yote. "Nitangoja, Mama," akasema. "Lakini uishushe kabisa, kama zile za vijana."

Nikamuuliza barabara ya kwao ikoje.

"Kutoka Katito kuingia kwetu? Ule ni mtaro."

"Ukishusha sana utalima kwa tumbo la gari."

Nilimtuma akapime kiti ambacho mama yake hukalia bila shida, kutoka sakafuni. Alirudi na kipimo kwenye karatasi. Kiti cha gari kilikuwa juu zaidi kwa sentimita nne. Basi nne ndizo nilizotafuta.

Ilinichukua wiki mbili. Mama mmoja Mkikuyu mwenye duka la spea mjini aliniachia nipekue stoo yake, nikilinganisha unene wa waya na idadi ya koili, mpaka nikapata springi nne za seti moja. Nikazibana kwa kibano, nikafunga pamoja na shoki mpya, nikapakia magunia mawili ya mahindi nyuma badala ya abiria na kuendesha hadi Ahero na kurudi. Haikugonga hata mara moja. Nikapanga magurudumu, nikapima, nikapima tena. Meneja alikuwa amesimama kando. "Haya," alisema, "umenishinda."

Jumapili Mwalimu alinichukua twende kwao. Mama yake alitoka na fimbo, akalizunguka gari. Akageuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine. Mlango akaufunga mwenyewe.

"Erokamano, nyathina," aliniambia, yaani asante mwanangu. Kisha akamgeukia Mwalimu. "Wewe unangoja nini? Ibada imeanza."

Mwalimu alipangusa macho kwa mkono wa shati, akawasha gari.

Siku hizi nimestaafu. Mikono haina tena nguvu ya kukaza kibano. Vijana hunipigia simu kuuliza gari lishushwe kiasi gani. Nawauliza kwanza ni nani atakaa ndani na anapita wapi. Wengine huchoka nami, wanataka namba tu. Wengine wanaanza kunieleza habari za wake zao, baba zao, njia za kwao, na mimi nateremsha sufuria mekoni ili nisikilize vizuri.